Rumanyika na Waongozaji Wasio na Majina

Asubuhi moja ya kiangazi nilitembea kando ya mafunjo ya mto Kagera, upande wa Kyerwa, nikiwa na askari wa wanyamapori na mzee mmoja Mnyambo tuliyemwomba atuonyeshe njia. Sauti ikatoka ndani ya mafunjo. Mimi sikuona kitu. Askari alifungua kitabu chake cha ndege, kilichoandikwa kwa Kiingereza, akaanza kupekua. Mzee hakugeuza hata shingo. "Hao ni wawili, mwalimu," akasema. "Mmoja anaita, mwenzake anamjibu. Subiri." Tulisubiri. Wakatokeza wawili, vifua vyekundu na utosi wa manjano, ndege ambao hawaishi pengine ila katika mafunjo. Niliporudi nyumbani niligundua kwamba daftarini nilikuwa nimeandika aina 31 za ndege, wala sikuandika jina la mzee.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye historia.

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika katika ufalme wa Karagwe, wakapokewa na mfalme Rumanyika karibu na makao yake ya Bweranyange. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki hadi Aprili chini ya ulinzi wa mwenyeji wake. Ziwa lililokuwa chini ya kilima walilibandika jina la Windermere Ndogo, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba wenyeji walikuwa wakiteka maji mahali pasipo na jina! Mfalme aliwapa watu wa kuwaongoza porini. Kwa msaada wa watu hao Speke alimpata nzohe, swala wa majimaji, ambaye leo jina lake la kisayansi ni Tragelaphus spekii. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa msafara, tunamfahamu. Rumanyika tunamfahamu. Lakini mtu aliyejua nzohe hulala wapi na hutoka saa ngapi, huyo ametoweka.

Miaka 30 baadaye mambo yakajirudia chini ya bendera ya Wajerumani. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alipita Karagwe mwaka 1891 pamoja na Franz Stuhlmann. Emin alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege, na vielelezo vya Afrika Mashariki vilikuwa vikimiminika Berlin. Huko Berlin, mwaka 1892, Anton Reichenow alimpa jina la kisayansi zuwakulu mwenye uso mwekundu, ndege ambaye dunia nzima anapatikana tu katika ukanda mdogo wa Rwanda, Burundi, kusini-magharibi mwa Uganda na pembe hii yetu ya Tanzania. Watazamaji wa ndege husafiri maelfu ya kilomita kumwona. Watoto wetu humwona wakichunga mbuzi.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni hifadhi ndogo. Kila moja haifiki kilomita za mraba 300, na hatuwezi kushindana na Serengeti kwa simba. (Wimbi la wakimbizi la mwaka 1994 nalo liliacha makovu katika misitu na wanyama wa Karagwe.) Tulicho nacho ni ndege, mafunjo na njia za miguu. Matembezi ya kutazama ndege hayahitaji barabara ya lami wala hoteli ya ghorofa. Yanahitaji mtu mwenye masikio.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamlinda Mtanzania dhidi ya mwongozaji mgeni, jambo jema. Haimlindi kijana wa Murongo dhidi ya mhitimu aliyetoka Arusha na cheti mkononi, ambaye hajawahi kusikia Kinyambo. Ng'ambo ya mto, katika hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934, vijana wa vijiji jirani hufunzwa na kulipwa kuwaongoza wageni. Mto ni uleule, na ndege huvuka bila pasipoti. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kuanza hata kesho: mafunzo ya miezi michache kwa Kiswahili, na mtihani unaopima macho na masikio kabla ya Kiingereza.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa mzee. Nilimwomba radhi, nikamwuliza jina lake, kisha majina ya ndege kwa Kinyambo. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshanitajia 17. Mjukuu wake wa kidato cha nne ndiye aliyeyaandika, kwa kuwa tahajia yangu ilimchekesha.