Kabla ya Risasi Huja Faili

Alhamisi, Machi 5, 2009, msemaji wa serikali ya Kenya alilishutumu hadharani shirika la Oscar Foundation kwamba ni kivuli cha Mungiki. Saa chache baadaye, jioni hiyo hiyo, mwanzilishi wa shirika hilo Oscar Kamau King'ara na mwenzake John Paul Oulu, aliyewahi kuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuwa ndani ya gari State House Road, karibu na mabweni ya chuo. Walizuiwa barabarani wakapigwa risasi, watu wakiona. Wanafunzi walitoka kwa hasira, na katika vurumai iliyofuata polisi wakamuua mwanafunzi mmoja.

Wawili hao walikuwa wameandika ripoti kuhusu vijana waliouawa au kupotea mikononi mwa polisi. Mwezi mmoja kabla, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa Philip Alston alikuwa amekuja nchini kuchunguza mauaji hayo, na wao walikuwa miongoni mwa waliompa habari. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kuwaua.

Sisi tukizungumzia visa kama hiki huwa tunakimbilia swali la nani alivuta triga. Ni swali la lazima. Lakini ukisoma historia ya nchi hii kwa mpangilio, utaona risasi huja mwisho. Kabla yake mtu ashafuatwa, ashaandikwa mahali, na ashapewa jina. Jina lenyewe hubadilika kulingana na enzi: mchochezi, Mau Mau, Mwakenya, Mungiki, gaidi. Kazi yake haibadiliki. Humtoa mtu kwenye hesabu ya raia, ili siku akidhurika majirani waseme, "Huyo lazima alikuwa na jambo."

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1915 wakoloni walipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaanza kugawa kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, kikibebwa ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukipatikana bila kipande, ni jela au faini. Ukitoroka kwa mwajiri, kipande kinakusema. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa kwanza wa kufuatilia mtu popote aendapo, na mfuatiliwaji ndiye aliyeubeba shingoni.

Harry Thuku aliposimama kupinga kipande na kodi, alikamatwa Machi 14, 1922. Umati ulikusanyika kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, akasonga mbele na wanawake wenzake, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema watu 21 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kesi. Barabara inayopita hapo leo inaitwa jina lake. Kutoka hapo hadi State House Road walipouawa King'ara na Oulu, si mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Miaka thelathini na miwili baadaye, Aprili 24, 1954, jeshi la Uingereza lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Watu walipangwa foleni, na mbele yao alikaa mtu aliyevishwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu waliliita gakunia. Akitikisa kichwa, unapandishwa lori kwenda kizuizini. Huwezi kumuuliza swali, maana hujui ni nani. Ukiona leo wanaume waliofunika nyuso wakishuka kwenye Subaru isiyo na namba za usajili, ujue umekutana na mjukuu wa gakunia.

Nyuma ya gakunia kulikuwa na Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi. Uhuru ulipokuja 1963, bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, lakini kitengo kilibaki. Pio Gama Pinto, aliyefungiwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, aliuawa nje ya nyumba yake Westlands Februari 24, 1965. J.M. Kariuki, ambaye naye alipitia kambi za wakoloni, alionekana mara ya mwisho Machi 2, 1975 akitoka Hoteli ya Hilton akiwa na maafisa wa polisi. Mwili wake ulipatikana Ngong. Watu hawa wawili walikuwa na faili kwa serikali mbili, na ile ya pili ndiyo ambayo chini yake walikufa.

Hapa ndipo hadithi inawafikia wanaotetea wengine. Mwaka 1982 Stephen Muriithi, aliyewahi kuwa naibu mkuu wa ujasusi, aliwekwa kizuizini bila kesi. Wakili John Khaminwa akachukua kesi yake. Serikali ikamfunga na Khaminwa. Hebu fikiria: mtu aliyekaa ndani ya jumba la kutengeneza mafaili, faili ilipomgeukia, alihitaji mtetezi kama mtu yeyote wa kawaida. Naye mtetezi akafunguliwa faili yake.

Ilikuwa hivyo tena mwaka 1987. Gibson Kamau Kuria alijiandaa kuishtaki serikali kwa niaba ya watu walioteswa katika msako wa Mwakenya. Badala ya kujibiwa mahakamani, alikamatwa yeye na kukaa kizuizini hadi Desemba. Wateja wake walikuwa wamepitia Nyayo House. Wengi wetu tunaijua hiyo nyumba kwa foleni ya pasipoti. Chini yake kuna seli zisizo na dirisha, ambamo watu walifungiwa uchi na maji yakimwagwa sakafuni, siku nyingi mfululizo. Walipandishwa orofa za juu kuhojiwa na kupigwa, wakarudishwa majini. Wengi walikubali mashtaka mbele ya hakimu bila wakili, wakati mwingine baada ya saa za kazi, wakapelekwa jela. Nyayo House haipo msituni. Iko katikati ya jiji, kando ya Uhuru Highway, na watu walipita nje wakienda kupanda matatu.

Seli hizo zilifunguliwa kwa umma Februari 2003, na kuanzia mwaka 2010 Mahakama Kuu imekuwa ikiwapa fidia waathiriwa waliofika mbele yake. Ushindi huo haukutokana na serikali kutoa mafaili yake kwa hiari. Ulitokana na waathiriwa kukumbuka tarehe, idadi ya siku, rangi ya seli, sauti za waliowahoji, na kusema hayo yote chini ya kiapo.

Sasa angalia akina mama wa 1992. Mwezi Februari mwaka huo, mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza kususia chakula Uhuru Park, pale panapoitwa Freedom Corner. Machi 3 polisi waliwavamia kwa vitoza machozi na rungu. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya polisi, laana nzito kuliko silaha yoyote iliyokuwa pale. Kisha wakahamia All Saints Cathedral, ng'ambo ya barabara, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi mapema 1993 wafungwa karibu wote walipoachiliwa.

Watu huikumbuka siku ya kuvua nguo. Mimi naona mwaka wa kukaa kanisani ndio wenye somo. Hawa akina mama walijua wanatazamwa, polisi wakizunguka pale usiku na mchana. Hawakujificha. Walichagua mahali ambapo kila mtu angewaona: waumini, wanahabari, mabalozi. Serikali ilikuwa na macho yake, wao wakaleta ya kwao. Miaka kumi kabla, mtu alichukuliwa na ni mkewe tu aliyejua. Sasa kulikuwa na orodha ya majina, na mtu wa kuisoma kila siku.

Baada ya hapo sheria zilibadilika, na majina ya ofisi pia. Special Branch ilikuwa ishabadilishwa jina mwaka 1986, ikawa NSIS kwa sheria ya 1998, kisha NIS mwaka 2012. Katiba ya 2010 ikaweka haki ya faragha katika Kifungu cha 31, na Kifungu cha 49 kikasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. IPOA ikaundwa mwaka 2011 kuwachunguza polisi. Hayo si mambo madogo, watu walilipia kwa miili yao.

Lakini Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka korti ya Mavoko na hawakufika nyumbani. Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amepigwa risasi na afisa wa polisi mwaka uliotangulia, akathubutu kulalamika. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau. Akiwa ndani, Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya choo akautupa nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Mpita njia akauokota, akapiga. Siku chache baadaye miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk.

Ujumbe ule haukuwaokoa, lakini ulionyesha walikuwa wapi. Mawakili waliandamana, kesi ikaenda polepole, na mwaka 2022 maafisa watatu na mtoa habari wao wakapatikana na hatia. Februari 2023 Frederick Leliman alihukumiwa kifo, wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30. Kati ya ushahidi uliotumika kulikuwa na data za simu. Teknolojia ile ile inayomfuata raia iliwafuata wauaji.

Na tufike kwetu. Mwaka 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi idara za usalama nchini zinavyoweza kufikia mawasiliano ya simu, mara nyingine bila amri ya korti. Kipande sasa tunakinunua wenyewe, tunakilipia bando na kukichaji usiku. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu, kufikia Desemba, visa 82 vya watu kutekwa nyara. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akaletwa hadi Central Police Station, Nairobi, akafa akiwa mikononi mwao. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukasema alipigwa na kukabwa shingo. Mwezi uliofuata mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa kwa madai ya ugaidi. Alipofikishwa kortini, shtaka lilikuwa limegeuka kuwa la kumiliki risasi kinyume cha sheria. Jina lilitangulia, ushahidi ukatafutwa baadaye.

Kuna ushauri mwingi siku hizi wa namna ya kuficha simu. Ufuate, una maana. Ila historia hii inaniambia kwamba waliopona, na hata waliokufa wakapata haki, kwa kawaida hawakuokolewa na siri. Mtu fulani alijua walikuwa wapi. Mtu aliandika saa, akaokota karatasi, akapeleka ombi kortini mtu aletwe akiwa hai. Vituo vya haki mitaani, kama kile cha Mathare, hufanya kazi hiyo hiyo kila wiki, kuandika nani, wapi, lini, na mara nyingi wanaoiandika ni vijana wasiolipwa.

Kwa hivyo jirani yako akichukuliwa usiku wa leo, usianze kwa kujiuliza kama "alikuwa na jambo." Hilo ndilo swali ambalo jina lilitengenezwa ili uulize. Uliza amepelekwa kituo gani. Nendeni wawili au watatu, asiende mtu peke yake. Itisheni namba ya OB, andikeni saa mliyofika na jina la afisa aliyewajibu, mtafuteni wakili. Wakiwaambia hayuko hapo, liandikeni hilo pia.