Shujaa Asiyepaa: Wasikilizaji wa Redio Bujumbura Baada ya 1993

Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, wakati mitaa ilikuwa ikigawanyika kufuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993: Kamenge ulihesabiwa wa Wahutu, Ngagara wa Watutsi. Tamthilia yake ya Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, iliyoandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuanza kurushwa mwaka 1997, ilisimulia familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Wahusika walikuwa wa kubuni. Msikilizaji aliweza kuwahurumia bila kuulizwa yuko upande gani.

Inkingi y'Ubuntu kilikuwa kipindi kigumu zaidi. Humo shujaa hakupaa angani kama Superman; alikuwa jirani halisi, aliyehatarisha maisha yake ili kumwokoa mtu wa kabila jingine. Kumsifu redioni kulikuwa pia kumfichua, kwani wenye msimamo mkali wa upande wake waliweza kumwona msaliti. Tena, na hili washauri wa sera hulisahau, sifa zake zilimkumbusha aliyefunga mlango wake usiku kama ule. Idadi ya wasikilizaji, ambayo wafadhili huipenda, haielezi ni nani aliyezima redio kabla kisa hakijaisha.