Kichwa cha Barua na Mgongo Wake

Atakaye kuijua tabia ya kampuni ya kuchukua mizigo asitosheke na matangazo ambayo yenyewe huyatoa kujisifu, bali na azikusanye karatasi zake, barua na ankara, stakabadhi na hati za mzigo, azitandaze mezani moja kando ya nyingine. Kwani karatasi hizo, ambazo karani huzijaza kwa pupa malori yakiunguruma uani, na dereva huzikunja akazitia katika mfuko wa shati pamoja na leseni yake, zimehifadhi historia ambayo wenyewe hawakukusudia kuiandika. Nimezitazama nyingi, za pwani yetu na za Uingereza kulikotolewa mifano mingi ya mambo haya, nikaona kwamba uso wa karatasi umegeuka mara kwa mara kwa ajili ya fahari na mtindo, ilhali mgongo wake, pale palipochapwa masharti kwa herufi ndogo zinazoumiza macho, umegeuka mara chache na kwa sababu moja tu, nayo ni sheria. Na katika hizo pande mbili, mgongo ndio uliokuwa na nguvu.

Kabla mitambo ya kupiga chapa haijaenea, mfanyabiashara wa misafara hapa pwani hakuwa na kichwa cha barua wala hakukihitaji. Barua ziliandikwa kwa khati za Kiarabu, na mwandishi alianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa jenabu na sheikh na muhibu na sifa nyinginezo kwa kadiri ya daraja yake, akamwombea salama na afya, kisha kwa neno “wabaadu” akashuka katika shauri lenyewe, la pembe au nguo au ujira wa wapagazi, ambalo aghalabu lilichukua mistari michache kuliko salamu zilizolitangulia, na mwisho akatia jina lake na kusema kwamba ameandika kwa mkono wake. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili ya khati hizo huko Berlin mwaka 1892, na msomaji wa leo, aliyezoea barua za kibiashara zisizo hata “u hali gani”, huenda akaona salamu hizo ni maneno matupu. Si matupu hata kidogo. Salamu zilifanya kazi ile ile ambayo baadaye ilikabidhiwa kichwa cha barua, yaani kumjulisha msomaji ni nani anayesema naye, ana hadhi gani mbele za watu, na kama yu mtu wa kuaminiwa mali. Isipokuwa salamu zilimtukuza anayeandikiwa, na kichwa cha barua humtukuza anayeandika.

Tena wakati ule biashara ilikuwa ya watu wanaojuana. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, alipowaandalia Wazungu wapagazi na bidhaa za safari, jina lake lilitosha kuwa dhamana kutoka ufuoni hadi Unyanyembe huko bara, na mzigo wa mpagazi, ambao kwa kawaida haukupita sana frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, ulijulikana na kila mtu bila kuandikwa popote. Matata yalianza pale wageni walipoingia kati na kutaka kila jambo liwe katika mkataba. Mwezi wa Februari 1887 huko Unguja, msafiri Stanley aliagana na mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, ampatie wapagazi 600 wa kubeba shehena ya safari ya kumwokoa gavana Emin Pasha. Na ilipofika mwaka ufuatao, kambini Yambuya katika Kongo, wapagazi walikuja pungufu na kwa kuchelewa, pakawa na mvutano juu ya baruti, ni nani aliyepaswa kuitoa, na mizigo iliyokwisha kufungwa kwa ratili 60 ikabidi ifunguliwe na kupunguzwa hadi ratili 40. Wengi wameisimulia habari hiyo kwa kumlaumu mmoja na kumsafisha mwingine. Mimi naisoma kama kesi ya uchukuzi: uzito wa mzigo mmoja, ambao mahali pengine usingehitaji hata kutajwa, uliweza kukwamisha safari nzima.

Huko Uingereza jambo hilo lilikuwa limeshughulikiwa mapema zaidi, na hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo ulipozaliwa ule mgongo wa karatasi niliousema. Sheria ya zamani ya Waingereza ilimchukulia mchukuzi wa umma kuwa mdhamini wa mali aliyopokea, hata ilipopotea pasi na kosa lake, na wachukuzi wa magari ya farasi wakajikinga kwa kubandika ilani ukutani mwa ofisi zao, kwamba hawatalipa zaidi ya kiasi fulani. Bunge likaingilia kwa Sheria ya Wachukuzi ya mwaka 1830, likawaruhusu kukataa dhamana ya vitu vya thamani kama dhahabu, saa na hariri vilivyozidi pauni 10 ikiwa mwenyewe hakuitaja thamani yake na kulipa ziada, likaagiza stakabadhi itolewe inapodaiwa, lakini likasema wazi kwamba ilani ya ukutani peke yake haitapunguza tena wajibu wa mchukuzi kwa mizigo mingineyo, isipokuwa awe amefunga mkataba maalumu na mteja. Basi masharti yakashuka kutoka ukutani yakahamia karatasini. Mwaka 1854 sheria nyingine, ya reli na mifereji, ikaongeza kwamba masharti hayo yawe ya haki kwa maoni ya mahakama, na mkataba uwe na sahihi ya mwenye mzigo au ya aliyeuleta. Na ule mstari mrefu ulio chini ya hati ya mzigo, ambao hadi leo karani huuonyesha kwa ncha ya kalamu akisema “tia sahihi hapa”, asili yake ni sheria za namna hiyo wala si ubunifu wa mchapaji.

Kwa upande wa uso, Waingereza hao hao walikuwa na jambo moja lililonipendeza kwa usahili wake. Kampuni ya Carter Paterson, iliyoanzishwa London mwaka 1860, iliwapa wateja wake kadi kubwa yenye herufi mbili tu, C na P, na aliyekuwa na kifurushi cha kupeleka aliiweka kadi hiyo dirishani, gari likipita mtaani dereva akaiona akasimama. Hapana anwani, hapana picha, wala orodha ya matawi. Naiona kuwa karatasi iliyotungwa vizuri kuliko zote zilizopata kutolewa na wachukuzi, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja na iliifanya kwa herufi mbili.

Turudi kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, na pamoja nayo ikaja desturi ya makaratasi ya Bara Hindi, kwani mafundi na makarani wengi walitoka huko, hesabu zilikuwa za rupia, na sheria nyingi zilizotumika katika himaya ya Waingereza hapa zilikuwa za huko. Alibhai Mulla Jeevanjee, mkandarasi aliyeipatia reli vibarua na vyakula, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard pale Mombasa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na sioni ajabu kwamba mtu wa uchukuzi ndiye aliyeleta mtambo wa gazeti, maana mtambo ukisimama bila kazi ni hasara, na kinachoujaza kati ya toleo na toleo ni ankara, risiti na karatasi za barua za wenye maduka na wenye mizigo. Karatasi hizo nazo hazikuwa na maisha ya utulivu. Kati ya mwaka 1920 na 1921 fedha za Kenya na Uganda zilitoka katika rupia zikapita katika florini zikaishia katika shilingi, na kila aliyekuwa amechapisha vitabu vya ankara vyenye safu za rupia akabaki na shehena ya karatasi zisizofaa ila kufungia njugu.

Zama za malori ndizo zilizokipamba kichwa cha barua kuliko zama zote. Ukiitwaa karatasi ya kampuni ya uchukuzi ya miaka ya hamsini, ya Nairobi au Arusha au Mombasa, utakuta katikati jina la ukoo likifuatwa na maneno ya “na Wanawe” au “na Ndugu”, kwa Kiingereza, kwa herufi zenye kivuli. Kushoto namba ya simu, mara nyingi yenye tarakimu tatu au nne tu. Kulia sanduku la posta, kwa kuwa kwetu tarishi hakupeleka barua nyumbani. Na chini yake anwani ya simu ya maandishi, neno moja lililobanwa ili kupunguza gharama, pamoja na jina la kitabu cha msimbo kinachotumika, ABC chapa ya tano au Bentley. Simu hiyo ya maandishi ilikuwa imefika Unguja kwa waya wa baharini kutoka Aden mwaka 1879, na wafanyabiashara walijifunza upesi kwamba kila neno lina bei. Kisha huja picha ya lori, na hapo msomaji mwenye macho atacheka kidogo, kwani wapiga chapa walikuwa na bloku za picha zilizokwisha kuchongwa, meli moja, gari moshi moja, lori moja, na makampuni mawili yaliyokuwa yakinyang'anyana wateja yaliweza kujikuta yanajivunia lori lile lile, lenye taa zile zile na turubali lile lile.

Majina ya wakurugenzi, ambayo wengi hudhani yaliwekwa kwa majivuno, yana asili nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipokuwa wakiwashuku Wajerumani waliojificha nyuma ya majina ya Kiingereza, bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1916 na nyingine mwaka 1917 za kulazimisha majina ya wenye biashara na ya wakurugenzi yachapwe katika barua, pamoja na uraia wao ikiwa si Waingereza. Na desturi hiyo ikavuka bahari ikaingia katika makoloni. Hivyo chini ya barua ya mchukuzi wa Kihindi, ambaye hakuwa na hatia yoyote katika ugomvi wa London na Berlin, yalichapwa majina ya baba, wana na shemeji.

Kichwa hicho cha barua kilikuwa na pacha wake barabarani, nao ni mlango wa lori. Pale palipakwa rangi jina la mwenye gari, sanduku lake la posta na mji wake, na chini yake uzito wa gari tupu na uzito linaloruhusiwa kubeba, na ukilinganisha mlango na barua utaona fundi wa rangi amejitahidi kuiga hata mkunjo wa herufi za mchapaji. Leseni nazo zilikuwa na daraja zake: Kenya ilitunga sheria ya leseni za uchukuzi mwaka 1937 kwa mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1933, iliyotenganisha anayebeba mali za watu kwa ujira na anayebeba mali yake mwenyewe, na nyuma ya jambo hilo ilikuwapo hofu ya serikali kwamba malori yataila reli iliyojengwa kwa fedha nyingi.

Serikali zenyewe zilipoingia katika uchukuzi wa barabara, mapambo yalipungua. Uingereza ilipotaifisha malori baada ya sheria ya mwaka 1947, zaidi ya kampuni 3,000 zilimezwa na British Road Services, na vichwa vya barua vya aina elfu vikatoweka, pakabaki nembo ya simba na gurudumu. Kwetu, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965 na njia ya Zambia ya kusini kuingia mashakani, iliundwa mwaka 1966 kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat yakawa yanapeleka mafuta Zambia na kurudi Dar es Salaam na shaba, katika barabara ambayo masika iligeuka tope. Hapo jina la ukoo halikuwa na mahali tena: kampuni ilibeba majina ya nchi mbili, na karatasi yake ilipaswa kusomeka kwa forodha ya pande zote mbili. Wakati huo huo ukubwa wa karatasi wenyewe ulikuwa ukibadilika, foolscap na quarto za Waingereza zikiipisha A4, ya milimita 210 kwa 297, ambayo Wajerumani waliiweka katika kanuni zao tangu mwaka 1922 kwa fikra za Walter Porstmann. Na makarani wengi wakalalamika kwamba majalada ya zamani yameacha karatasi mpya zikipwaya ndani.

Kisha ikaja lugha. Serikali ya Tanzania ilipoagiza mwaka 1967 Kiswahili kitumike katika kazi zake, barua za ofisi na za mashirika ya umma zikaanza kuonyesha S.L.P. na Simu, na ule mstari wa “Unapojibu tafadhali taja”, ukifuatwa na Kumb. Na., ambao nadhani hakuna Mtanzania aliyefanya kazi ofisini asiyeujua kwa moyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na shirika moja la reli likagawanywa, kila nchi ikajichapishia vichwa vyake, Tanzania ikaandika Shirika la Reli Tanzania, na Kenya ikashikamana zaidi na Kiingereza. Wachukuzi wa watu binafsi walifuata kila mmoja kwa mapenzi yake. Wenye lori moja au mawili hununua kitabu cha hati za makabidhiano kilichokwisha kuchapwa, chenye kaboni, katika duka la vifaa vya ofisi, wakagonga muhuri wa mpira juu, biashara ikaendelea.

Lakini geuza karatasi hizo hizo. Nyingi nilizozipindua, hata zile ambazo uso wake umejaa Kiswahili safi, mgongoni zina masharti kwa Kiingereza cha mawakili: kwamba mali yasafiri kwa dhamana ya mwenye mali, kwamba upungufu utajwe ndani ya siku kadhaa la sivyo dai limekufa, kwamba mchukuzi hatawajibika kwa kuvuja, kuvunjika wala kuchelewa. Anayeipokea shehena bohari saa nane za usiku, utingo akishusha magunia kwa mwanga wa taa za lori, huwa ni mlinzi au karani wa zamu, na yeye ndiye anayetakiwa kutia sahihi kwamba ameyasoma na kuyakubali.