Kobe wafugwao, usingizi wa msimu wa

Hali ya kobe kuacha kula na kutulia kwa wiki au miezi, moyo ukipiga polepole. Kobe wa Ulaya ya kusini hulala wakati wa baridi, na wafugaji huwaweka penye nyuzi 5 hivi za Selsiasi, pengine kwenye friji. Ujiji na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hazina baridi hiyo hata Julai. Huku kinachomlaza kobe ni ukavu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Kobe wa Speke, mwenye jina la John Hanning Speke aliyefika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Richard Burton, hujichimbia mashimoni. Nyuma ya gamba lake pana bawaba inayoshuka kufunika miguu na mkia. Mvua zikinyesha hutoka kutafuta uyoga na konokono. Kobe mkubwa mwenye madoa halali hivyo. Kumtia yeyote kati ya hawa wawili wa huku kwenye friji ni ukatili, hata kwa nia njema. Apewe kivuli na maji, ajiamulie mwenyewe. Aliyekonda asiachwe alale. Kumfuga kobe wa porini kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009.