Kubadili gia katika gari la otomatiki

Kubadili gia katika gari la otomatiki ni kazi ya wawili. Dereva huamua kwa mkono kama gari liende mbele, lirudi nyuma au lisimame; giaboksi nayo hupanda na kushuka gia yenyewe, ikifuata mwendo wa gari na jinsi mafuta yanavyokanyagwa. Klachi haipo. Zimebaki pedeli mbili, breki na mafuta, na zote ni za mguu wa kulia.

Giaboksi ya kwanza ya aina hii kutengenezwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliyotoka mwaka 1939 katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Ilikuwa na gia nne za mbele. Mwaka 1958 DAF ya Uholanzi ikaleta Variomatic, inayotumia mikanda na puli zinazopanuka na kusinyaa badala ya gia zenye meno. Giaboksi ya CVT ya magari madogo ya leo ni ya ukoo huo. Mwaka 1968 kanuni za usalama za Marekani ziliagiza N (fri) ikae kati ya R (ya kurudi nyuma) na gia za mbele.

Magari mengi madogo ya Tanzania hutoka Japani yakiwa yametumika na kushushwa bandarini Dar es Salaam. Dereva wa Bunda au Musoma hukuta redio imejaa Kijapani asichokijua, lakini P, R, N na D anazisoma bila mkalimani.

P ni ya kuegesha: kijino cha chuma hufunga giaboksi. Penye mwinuko, hendibreki huvutwa kwanza ndipo P iwekwe, la sivyo uzito wote wa gari huning'inia kwenye kijino hicho. R ni ya kurudi nyuma, N ni fri, D ni ya safari ya kawaida. Ili kutoka P, swichi iwe imewashwa na breki imekanyagwa. Kutoka D kwenda R, gari lisimame kabisa. Dereva anayetaka kulipita lori barabara ya Mwanza–Musoma hukanyaga mafuta hadi chini, na giaboksi hushuka gia yenyewe ili kuongeza nguvu.

Kazi ya mkono huonekana zaidi nje ya lami.

Gari likishuka mwaloni, yaani ufuko wa wavuvi, huko Majita kubeba dagaa, kutoka tena kwenye mchanga kunahitaji L, ambayo huishikilia gia ya kwanza isipande. Kwenye tope la masika, nafasi ya 2 husaidia, na baadhi ya magari huondoka nayo moja kwa moja kwa gia ya pili ili matairi yasizunguke bure. Katika mteremko mrefu, 2 au L huifanya injini izuie mwendo, breki zisichemke. Magari mengi ya mseto yana B kwa kazi hiyohiyo. Kitufe cha O/D, kilichomo katika Toyota nyingi za gia nne, kikizimwa huzuia gia ya nne.

Wapo madereva wanaoweka N mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Katika injini za sindano ni kinyume: gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia mafuta, kompyuta hukata mafuta, ilhali kwenye N injini huendelea kuyachoma ili isizime. Tena dereva hupoteza nguvu ya injini ya kupunguza mwendo.

Betri ikifa, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa kuwa pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, likiharibika huvutwa magurudumu yanayoendesha yakiwa yameinuliwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nchini Kenya, tofauti ya otomatiki na klachi imo hata kwenye leseni: daraja B1 ni la magari madogo ya otomatiki, na la klachi ni B2.