Kipupwe kimeingia: banda la kuku lizibwe wapi, liachwe wazi wapi

Mvua za mwaka zikishika na kusi ikaanza kuvuma, wafugaji wengi wa kuku hapa Pwani hukimbilia nailoni na turubai. Banda lililokuwa wazi tangu kaskazi hufunikwa gubigubi, kutoka chini mpaka kwenye paa, eti kuku wasipigwe na baridi. Wiki mbili tatu baadaye naanza kuulizwa: kuku wanakoroma, macho yanatoka machozi, mayai yamepungua, nifanyeje? Mimi ni mfugaji hapa Kilifi, na kabla ya kutaja dawa yoyote huuliza kwanza: hewa ya banda lako inatokea wapi?

Ndugu msomaji, kuku mzima haogopi baridi yetu. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na juu yake amevaa manyoya. Usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, na hilo kwake si tatizo. Huko Uingereza na Marekani, ambako maji huganda yakawa barafu, wafugaji wazoefu huacha matundu ya hewa juu ya banda usiku kucha. Wanajua kinachoua ni unyevu.

Unyevu huo hutoka kwa kuku mwenyewe. Akihema hutoa mvuke, na zaidi ya nusu ya kinyesi chake ni maji. Banda likizibwa, mvuke hukosa pa kutokea. Hupanda, ukagusa mabati baridi, ukarudi chini matone. Matandiko yakilowa, kinyesi hutoa gesi ya amonia, ule ukali unaokupiga puani. Amonia huunguza macho na njia ya hewa ya kuku, akawa mwepesi wa kushikwa na mafua. Tena matandiko mabichi ndiyo makao ya ukungu na ya vijidudu vya koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vifaranga.

Namna ya kulipanga banda

Kanuni ni moja: zuia upepo na mvua pale kuku alipo, acha hewa itoke juu ya kichwa chake.

Upande wa kusi, ukuta uwe mzima kwa futi mbili au tatu kutoka chini, kisha wavu mpaka kwenye paa. Pazia la gunia au turubai lipigiliwe kwa chini, livutwe kwenda juu, na juu kabisa libaki wazi shubiri moja au mbili. Wengi wetu hufanya kinyume: hulining'iniza kutoka juu, likaziba pale hasa panapotakiwa kupumua. Fito za kulalia ziwe chini ya uwazi huo, upepo upite juu ya kuku na usiwapige.

Upande wa kaskazini acha wavu wazi, hewa ipate njia ya kutokea. Paa litokeze nje futi tatu hivi ili mvua ya upepo isiingie. Sakafu iinuke kuliko uwanja, na mfereji upitishe maji mbali na ukuta.

Usiwasonge. Kuku wa mayai wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Maranda ya seremala yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa karibu na vyombo vya maji yaondolewe siku hiyo hiyo.

Vifaranga na jiko la makaa

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila wiki. Watie kwenye duara la kadibodi lenye joto lake, na chumba chenyewe kiwe na uwazi juu. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo huua vifaranga na binadamu pia. Usilale nao humo.

Jipime mwenyewe

Alfajiri, kabla ya kufungua mlango mkubwa, ingia uchutame mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hewa haitoshi. Pua ya mfugaji huizoea harufu, kwa hiyo mwite na mtu wa nyumbani asiyeingia bandani. Kisha chota matandiko uyafinye: yakishikana kama tonge la wali, yamelowa; yakitawanyika, yako sawa.

Hewa safi haichukui nafasi ya chanjo. Kideri huingia hata kwenye banda zuri, na ndui huletwa na mbu wanaozaana kwenye madimbwi ya msimu huu. Chanjo itolewe kwa wakati, na kuku wakianza kufa kwa wingi mwone afisa wa mifugo.

Kwa nyumba nyingi mayai ndiyo karo ya watoto na sukari ya chai. Kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa, panda juu ya kigoda uikunjue ile nailoni ya juu. Haigharimu hata shilingi moja.