Nani Alimlipa Mkunga?

Watu wanaongea ni kama kumtembelea mama na mtoto nyumbani kumeletwa na serikali juzi. Jamani! Huku Mbwajumali, na Pate yote, mzazi alikuwa haachwi peke yake mpaka arubaini itoke. Mkunga alikuja, nyanya, mashangazi, majirani. Mtoto akaogeshwa, mama akakandwa. Malipo? Leso, chakula na dua.

Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ukasema afya ianzie kwa jamii. Kenya ikatoa mkakati wake 2006, lakini wanaopita nyumba kwa nyumba wakaitwa "wa kujitolea". Neno tamu, ila halilipi nauli ya boti. Kaunti nyingine zilijaribu kuwapa kitu. Wengi walitoa mfukoni mwao. Septemba 2023 ndipo wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakapewa mikoba ya kazi na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu Nairobi, nusu kaunti.

Mimi nasema ni kidogo. Akipima mkono wa mtoto kwa ule utepe, utapiamlo unaonekana mapema. Usipoonekana, mama anakaa gatini usiku, mtoto kifuani, akingoja maji yajae Mkanda ndiyo boti ipite kwenda Lamu.